Mbuzi Aliyeingia Kichwani mwa Rehema

Vijana wangu wa makoti meupe, mliponiomba niwaandikie mambo ya kazi nilicheka mpaka mjukuu wangu akaja kuchungulia kama bibi yake yuko salama. Niandike nini mimi? Karibu miaka thelathini nimekata nyama ya wagonjwa nyembamba kuliko karatasi, nikaibandika kwenye kioo, nikaipaka rangi, nikampelekea daktari aitazame kwa hadubini. Basi, imeisha. Lakini mkitaka niwaeleze jinsi nilivyomtia mke wa mtu ubongo wa mbuzi kichwani, hapo sogezeni viti.

Kwa msionijua, mimi ni Yasinta Nzowa, mtu wa Igamba. Nimekulia kwenye kahawa na mahindi, na kazi ya kwanza mikono yangu iliyoijua ni kuchambua kahawa mbovu kichanjani. Naingia maabara ya hospitali, mitumba ndiyo kwanza inaanza kujaa sokoni, na Songwe haijawa mkoa, sote tunaitwa Mbeya. Nikapokelewa na Mzee Halinga, fundi mkuu wa chumba cha kukatia. Mfupi, msafi kupita kiasi, na kila mtu chini yake alimwita "msomi". Ukikosea, msomi. Ukipatia, msomi vilevile. Ilinichukua miaka miwili kujua lini ananisifu na lini ananisuta.

Nyie leo slaidi zenu zinakuja zimeshapakwa dawa kiwandani, nyama ikigusa imeganda. Sisi gundi yetu ilikuwa yai. Hee, msicheke! Ute wa yai na gliserini kiasi kilekile, chembe ya dawa ya kuzuia uozo, unachuja kwa kitambaa safi, unatia kwenye chupa. Unachovya kidole kidogo, unapaka kwenye kioo, halafu unafuta. Unafuta mpaka unaamini umeimaliza yote, na hapo ndipo imebaki ya kutosha. Ukizidisha, gundi inakunywa rangi na kunasa kila takataka inayopita. Ukipunguza, nyama inang'oka na kuelea kwenye chombo cha rangi mbele ya macho yako.

Na katika nyama zote, ubongo ndio kiboko. Ini linakatika kwa adabu. Ubongo unajikunja, unachanika, unang'oka. Mzee Halinga alipoona ninavyohangaika akaniambia, "Nenda buchani, msomi, kalete ubongo wa mbuzi. Ujifunze kwa asiye na ndugu wa kukulalamikia." Nikauloweka kwenye formalini usioze, nikauzamisha kwenye nta, na kila asubuhi kabla ya kazi za wagonjwa nikawa nakata mbuzi. Wiki kwa wiki, miaka ikapita, mbuzi huyu akiisha naanza mwingine. Wenzangu wakaniita Mama Mbuzi, nami nikaitika.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Ukikata kwenye mashine, nyama inatoka kama utepe mwembamba wa nta. Utepe ule unaulaza juu ya maji ya uvuguvugu kwenye beseni ili unyooke, kisha unauchota kwa kioo. Sheria ya Mzee Halinga ilikuwa moja: ukimaliza mgonjwa mmoja, unapitisha karatasi ya gazeti juu ya maji, unafuta uso wote, ili chembe ya huyu isimpande mwenzake. Magazeti ya zamani aliyakata vipande mwenyewe kila asubuhi, akavipanga kando ya beseni. Na kila baada ya nusu saa ungesikia, "Umefuta maji, msomi?"

Tatizo langu mimi lilikuwa gazeti lenyewe. Kulikuwa na gazeti moja la wiki lililotoa hadithi ya mapenzi ya mfululizo ukurasa wa nyuma. Jamani, ile hadithi! Mwanamume kamwacha mchumba, kaenda Kopabeti kwenye migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka, mchumba anangoja, mama mkwe ana sumu ya kobra. Na Mzee Halinga alikuwa anaikata vipandevipande kufutia maji, bila huruma! Basi Alhamisi moja niliwahi kufika, nikauokoa ukurasa wa nyuma, nikaukunja mfukoni nikausome nyumbani Jumamosi kwa raha zangu. Vipande vya kufutia, Mzee hakuwa amevikata bado. Nikajisemea, nikimaliza mbuzi wangu nitafuta kwa chochote.

Wakati huo tulikuwa na Daktari Siame, mwanamke wa hapo Tunduma, karudi masomoni amepagawa na jambo moja tu: kwa nini seli za uvimbe wa ubongo huachana na kusafiri. Siku moja aliniuliza, "Dada Yasinta, umewahi kuvuka mpaka kwenda Nakonde?"

"Nimevuka, Daktari."

"Kwa geti?"

Nikaanza kupanga vioo. Akacheka sana, maana hakuna wa kwetu asiyejua njia za panya. Akasema seli mbaya nazo haziendi getini. Akanichorea nyuma ya fomu ya maabara. Seli za kawaida zinashikana kwa protini zinazochomoza kwenye ngozi zao, zinaitwa kadherini, kila moja inashika ya jirani kama mnavyoshikana mikono. Chini zina protini nyingine, integrini, za kushikia ardhi. Seli inayotaka kusafiri kwanza inawaachia wenzake mikono. Halafu inatanguliza mguu, inashika ardhi, inajivuta, inaachia mguu wa nyuma. Ikikuta ukuta inatema kimeng'enya, ukuta unayeyuka, inapenya. Inafuata kando ya mishipa ya damu na nyuzi za fahamu. "Ndiyo maana kisu hakitoshi," alisema. "Daktari wa upasuaji anatoa uvimbe, kumbe wasafiri wameshavuka zamani." Niliipenda sana ile picha, na ile fomu ninayo mpaka leo.

Alhamisi hiyohiyo ya gazeti, kabla Mzee hajakaa kukata vipande, ikaletwa kazi ya haraka. Mgonjwa ni Rehema, fundi cherehani wa Tunduma, mama wa watoto watatu. Yeye na mumewe Athumani walihamia pale kutoka Kondoa; Athumani anaendesha lori mpaka Ndola, hukohuko Kopabeti. Rehema alianza kuumwa kichwa, akapuuza. Kisha akaanza kushona mikono ya gauni nyuma mbele, na alipomshonea bibi harusi gauni lenye mikono mitatu, wakampakia kumleta kwetu. Bahati ikawa yake: palikuwa na kambi ya madaktari bingwa waliokuja kwa wiki mbili, na mmoja alikuwa wa ubongo, bwana mrefu asiye na masihara. Akamfungua, akatoa uvimbe wa utando unaofunika ubongo. Baada ya siku chache Rehema akaruhusiwa kwenda nyumbani kungoja majibu.

Aina ya uvimbe ule tuliijua mapema, na si mbaya sana. Huo hukua polepole, na seli zake hushikana. Swali lilikuwa ukingoni. Je, unasukuma ubongo tu, au unaung'ata? Kama unasukuma, mama amepona. Kama unang'ata, basi mionzi Dar es Salaam, na uwezekano mkubwa wa kurudi. Kwa hiyo daktari alichukua kipande cha ukingoni, kidogo kama haragwe, na haragwe hilo nikapewa mimi.

Nikakata, nikachota, nikapaka rangi. Kesho yake Ijumaa Daktari Siame akaniita kwenye hadubini, uso umemwiva. "Njoo uone. Huu uvimbe. Huu ubongo. Na hizi hapa katikati, zimeachana, zimeshaingia." Nikaona kweli. Nikafurahi, Mungu anisamehe, nikafurahi kwa kuwa nimeielewa ile picha yake! Majibu yakatoka: unang'ata. Yule bwana mrefu akaja maabara akiwa amekunja uso. "Mimi uvimbe ule niliutoa mzima. Ulitoka kama kokwa la parachichi. Mnanieleza nini nyie?" Daktari Siame akamwonyesha kioo. Kioo kikamshinda, akaondoka, na jioni Athumani akapigiwa simu.

Jumamosi niko Igamba. Mchana, jua zuri, nimekaa kwenye kigoda kando ya kichanja cha kahawa, chai pembeni, nikatoa ukurasa wangu mfukoni. Nikaukunjua. Mchumba anangoja bado, loh, barua imefika! Nikasoma mistari kama sita hivi, nikasimama. Nikaugeuza ukurasa. Mzima. Mkavu. Haujachanwa hata pembe.

Nikajiuliza, kama ukurasa ni mzima, na vipande havikuwepo, mimi siku ile nilifuta maji kwa kitu gani?

Sikufuta, wanangu. Nilikata mbuzi, kisha nikaleta haragwe la Rehema juu ya maji yaleyale.

Chai ikanimwagikia mapajani, wala sikuhisi. Mama yangu akauliza kuna nini, nikamwambia nyuki. Usiku sikula. Nawaambia ukweli, nilifikiria kunyamaza. Mzee Halinga alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, na chumba ni chake, aibu itakuwa yake. Mimi nitafukuzwa. Nani angejua? Mbuzi hasemi. Lakini kila nikifumba macho naona mikono mitatu ya lile gauni, nacheka, halafu nalia. Mwanamke huyo alikuwa kwake Tunduma, anaamini anakufa kwa sababu mimi nilitaka kujua kama mtu atarudi kutoka Kopabeti!

Jumatatu alfajiri nikapanda gari. Nikakumbuka chupa ya gundi ilikuwa imekauka, na tukikata upya tutaihitaji. Basi pale stendi ya Mlowo, kijana akaleta trei ya mayai dirishani, nikachukua manne, nikayafunga kwenye khanga nikiyalea mapajani safari nzima.

Mzee Halinga alinisikiliza amesimama. Nilipomaliza alikaa. "Mbuzi," akasema. "Ndiyo, Mzee." "Mbuzi yupi?" "Wa wiki iliyopita." Akafuta miwani yake muda mrefu sana. Kisha akanishika mkono, akanipeleka mwenyewe kwa Daktari Siame, na kabla sijafungua mdomo akasema, "Daktari, chumba changu kimefanya kosa." Chumba changu! Hakusema Yasinta. Nililia palepale kama mtoto.

Daktari Siame hakupiga kelele. Akaweka kile kioo kwenye hadubini, akazungusha gurudumu dogo taratibu. Hii mkaishike, vijana: akilenga uvimbe, ubongo unafifia, akilenga ubongo, uvimbe unafifia. Havikuwa kwenye sakafu moja. Kipande kimoja kilikuwa kimempanda mwenzake mgongoni. Zile seli "zilizoingia" zilikuwa zimelaliwa tu na mbuzi. Akainua kichwa. "Nimekula mbuzi mzima na sikumsikia," akasema. Lakini akaongeza kwamba majibu hayafutwi kwa kushuku. Tukate tena, aone ukingo safi kwa macho yake. Na bwana mrefu anaondoka kesho.

Haragwe lilikuwa limebaki unyasi. Nilishalikata mno siku ile. Pengine ungetoa nyuzi sita za nyama, saba ukibahatika.

"Gundi," akasema Mzee Halinga, mkono kanyoosha. Nikafungua khanga kwa fahari. Akachukua yai, akaligonga ukingoni mwa bika la kioo. Ko! Akagonga tena. Ko! Akalimenya kidogo, akanitazama. Yai la kuchemsha! Yote manne, ya kuchemsha, ya kuliwa na chumvi na pilipili safarini! Mimi mtoto wa mkulima, niliyefuga kuku tangu natambaa, nimenunua mayai ya stendi nikidhani mabichi! Mzee Halinga akaanza kutetemeka mabega. Nikadhani analia. Kumbe anacheka, yule mzee asiyecheka, anacheka mpaka kashika meza, na Daktari Siame naye kakaa chini kabisa sakafuni na koti lake jeupe. "Msomi!" anasema Mzee, "msomi!" Nikatoka mbio mpaka getini kwa mama wa chipsi mayai, nikamnyang'anya yai juu ya kikaango kabla hajalipasua, mteja wake akinipigia kelele.

Tukatengeneza gundi. Maji mapya kwenye beseni. Nikauchomoa ule ukurasa wa hadithi mfukoni, nikauchana vipande, nikafuta. Kisha nikafuta tena. Mpaka leo sijui kama yule mwanamume alirudi.

Nikakata. Mkitaka kujua namna ya kukata kidogo kilichobaki: poza nta kwa barafu, shika gurudumu kwa mkono mlegevu, usisimame katikati, usimjibu mtu. Nyuzi sita. Tatu tukazipaka rangi ya kawaida. Tatu Daktari Siame alizitaka kwa dawa yake mpya ya kuonyesha kadherini, aliyotumiwa chupa moja na rafiki yake wa masomoni. Ile dawa inataka kioo kichemshwe kwanza kwenye sufuria ya mvuke, na kuchemsha ndiko kunakong'oa nyama. Tulipofungua, kioo cha kwanza kitupu. Cha pili kitupu, nyama inaelea kama utando wa maziwa. Cha tatu Mzee Halinga alikitoa kwa koleo, akakielekeza dirishani, akakigeuza huku na huku mpaka nikataka kumpiga.

"Ipo," akasema.

Daktari Siame akatazama vile vya kawaida. Akatazama kile cha kadherini. Akanisogeza nitazame mimi. Vijana, sijawahi kuona kitu kizuri vile. Kila seli imezungushiwa mstari wa kahawia, zimejiviringa mafundo mafundo, zimeshikana, na ukingo umekatika safi kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Hakuna aliyeachia mkono. Hakuna aliyevuka. Bwana mrefu akaitwa, akatazama, akasema neno moja tu, "Parachichi," akatia saini.

"Sasa nani atampigia Athumani?" nikauliza.

"Hapigiwi," akasema Daktari Siame. "Utakwenda wewe."

Nikaenda Tunduma na barua mkononi. Nyumba nilielekezwa na kila niliyemuuliza, maana fundi Rehema anajulikana. Nafika barazani, nakuta wanawake wawili wamebeba cherehani wanatoka nayo. Rehema alikuwa anagawa vitu vyake. Cherehani kwa mdogo wake, vitambaa kwa jirani, na binti yake mkubwa kakaa pembeni na daftari la vipimo vya wateja, macho yamevimba. Rehema mwenyewe yuko kwenye mkeka, kitambaa kichwani kimefunika mshono, anaelekeza nani apewe nini kwa sauti ya kawaida kabisa. Athumani kasimama mlangoni, mtu mkubwa, mikono haijui pa kukaa.

Nilipiga magoti. Nikasema yote, tangu gazeti mpaka mbuzi. Sikuruka kitu, hata mayai ya kuchemsha niliyasema, sijui kwa nini. Nilipomaliza, wale wanawake wakaiweka cherehani chini. Athumani akanijia, na niwaambie, niliogopa. "Mama," akasema, "siku tatu. Siku tatu mke wangu ameniaga." Akanigeuzia mgongo, akarudi mlangoni.

Kisha nikamsikia Rehema. "Ngoja. Yaani mimi nimeaga watu wote hawa, nimeandika wasia, nimemsamehe mpaka wifi yangu, kwa ajili ya mbuzi?"

"Ndiyo, dada."

"Mbuzi wa buchani?"

"Wa buchani, dada."

Akacheka. Alicheka akashika mshono, "Uwii, kichwa changu!", akacheka tena, na wale wanawake na cherehani yao wakaanza, na Athumani akaketi kizingitini analia na kucheka kwa pamoja. "Natotela," ananishukuru kwa Kibemba chake cha barabarani, "natotela sana, Mama, lakini usinikaribie kwanza." Na Rehema anapiga kelele, "Rudisheni cherehani yangu! Na wifi asiambiwe!"

Jumapili iliyofuata walituita. Athumani alikuwa amechinja sadaka, na hamhitaji niwaambie alichinja nini. Mzee Halinga alikuja na tai. Daktari Siame alikuja na ndugu zake. Tukala pilau, tukanywa supu, watu wakataniana mpaka mbavu zikauma.

Kisha Rehema akatoka jikoni mwenyewe, anatembea wima, kabeba sahani iliyofunikwa. Akaiweka mbele yangu, akafunua. Kichwa cha mbuzi, kimechemshwa, kimepasuliwa vizuri. Watu wakasogea kunitazama.

"Huyu ndiye aliyesema nina saratani," akasema. "Leo namla. Ila ubongo ukate wewe."

Akanipa kisu. Nikaushika ule ubongo, nikasogeza kisu nimkatie kipande. Nyuma yangu nikasikia sauti ya Mzee Halinga, mdomo umejaa pilau.

"Umefuta kisu, msomi?"

Nikakifuta. Rehema akasubiri kipande chake.